Mkono wa Dada wa Wote

Fundi alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya shule wakati wifi yake alipoingia na kumuuliza ule mkono begani kwake ni wa nani.

"Wa Dada wa Wote," fundi akajibu, pini zikiwa mdomoni.

Wifi akavuta kigoda, akautazama vizuri. Ulikuwa mkono wa kulia, umeishia kwenye kifundo bila kovu wala damu, umetulia begani kama mgeni aliyekaribishwa. Kucha zilipakwa rangi ya maziwa. Kidoleni kulikuwa na pete yenye jiwe kubwa kama punje ya hindi. Ulinukia vizuri kuliko chumba kizima.

"Ameusahau?"

"Alikuwa na haraka."

Ilikuwa hivi. Jana yake, fundi aliketi kwenye benchi la kliniki ya macho, amempakata binti yake, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yanafunikwa na mtoto wa jicho. Daktari alikwisha kumwonya asichelewe: macho ya mtoto yakikaa gizani mno husahau kuona, na yakishasahau hakuna upasuaji wa kuyakumbusha. Ndipo alipoingia Dada wa Wote, mwimbaji anayejulikana na kila mwenye redio, pamoja na wapiga picha na watu wa Mfuko wake wa hisani. Akapiga magoti, akaweka mkono begani kwa fundi, akatoa machozi mazuri yasiyoharibu wanja.

"Mtoto huyu ataona," akaiambia kamera. "Tuchange, ndugu zangu. Utalalaje umeshiba wakati mtoto anapofuka?"

Kisha gari likapiga honi, akaondoka, mkono ukabaki. Muuguzi aliuona, akamshauri fundi asiulalie.

"Basi ufanye kazi," wifi akasema. "Hapa hakuna anayekula bure."

Haukujua kazi. Haukushika mkasi, haukubeba ndoo, haukuosha hata kijiko. Ulichojua ni kupapasa bega, taratibu, na kila mtu alipoinua simu kupiga picha, ulimgeuza fundi kwa nguvu ukamwelekeza kwenye mwanga. Katika kugeuzwa huko alijichoma sindano zaidi ya mara moja. Mwishowe alifumua mabega ya blauzi zake zote, akatia vishikizo, ili aweze kuvaa na kuvua bila kuusumbua mkono wa watu.

Picha ilisambaa. Watu wakachanga kwa simu: muuza mkaa, walimu wa shule ya jirani, mzee anayeshona viatu kona ya barabara. Wifi mwenyewe alituma hela ya gesi, nyumba yake ikala viporo baridi. Fundi akasubiri kuitwa. Binti alikuwa akisogeza uso karibu na sahani ili ajue kuna nini. Baadaye akaacha kusogeza uso, akaanza kutafuta kwa vidole.

"Vua hiyo pete tuuze," wifi akasema. "Itatibu benchi zima na chenji ibaki."

"Si yangu."

"Na bega je, ni la nani? Mpangaji halipi kodi, wifi yangu, angalau aache kitu mlangoni."

Fundi hakuwa mtu wa pupa. Alilifikiria jambo lile siku kadhaa, mpaka asubuhi aliyomwona binti yake akihangaika kukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Hapo akachukua sabuni, akakipaka kile kidole, akavuta pete. Mkono ule, ambao haukuwahi kushika hata uzi, ukakunja ngumi. Wifi akaja kusaidia. Wakavuta wote wawili mpaka kigoda kikaanguka. Ngumi haikufunguka.

"Kumbe nguvu unazo," wifi akauambia mkono, akihema. "Muda wote huu unatutazama tu."

Wiki iliyofuata akaja ofisa wa Mfuko. Alivua viatu mlangoni, maana alikuwa na adabu. Alisema Dada anawasalimu sana, na amekumbuka kwamba pete yake ilibaki. Akakinga kiganja. Ngumi ikafunguka yenyewe, pete ikateleza ikamwangukia. Akaifuta sabuni iliyoikaukia, akaitia mfukoni.

"Na mkono?" fundi akauliza.

"Huo ni zawadi, mama. Ameutoa kwa moyo. Yeye alishapata mwingine."

"Na macho ya mwanangu?"

Ofisa alisikitika kweli. "Mfuko haulipii matibabu, mama. Mfuko unahamasisha."

"Na zile hela tulizochanga?" wifi akadakia.

"Ndizo zilizohamasisha. Kuna ndege, kuna hoteli, kuna wapiga picha. Bila hivyo nani angejua habari za huyu mtoto?"

"Sisi tulijua," wifi akasema. "Sisi tunaishi naye."

Ofisa akavaa viatu vyake.

Fundi aliuza cherehani, akampeleka binti kliniki. Akabaki nje kwenye benchi pamoja na kina mama wengine, wakati daktari akimmulika mtoto macho chumbani. Walikaa humo muda mrefu. Muuguzi alipofungua mlango alimtazama fundi, akatikisa kichwa, akanong'ona, "Yameshasahau," kisha akamwachia mtoto apite.

Siku hizo binti alimtambua mama yake kwa kugusa bega. Akaja akilifuata benchi, vidole mbele. Mwanamke wa kwanza alikuwa na mkono begani, mpana, wa mcheza mpira mashuhuri. Wa pili alikuwa na mkono mwembamba wenye bangili, wa mwigizaji wa filamu. Wa tatu naye alikuwa nao. Mtoto akasimama.

"Mama, mbona wote wana mikono?"

"Walipigwa picha, mwanangu. Niko hapa."

Mtoto akaielekea sauti, akiwaza.

"Kwa hiyo watoto wao wanaona?"

Mikono ikaendelea kupapasa mabega, taratibu.