Kadi ya Namba Kumi na Saba

...na mistari ni miwili, si mmoja, mwenye macho haambiwi tazama, imelala pale kwenye kadi ubavu kwa ubavu, na wino ni wino, haufutiki, laiti angeipokea ile penseli ya mwalimu badala ya kujitia kimbelembele na kalamu yake ya kazini, kalamu ya duka la dawa, anayowaandikia watu kutwa mara tatu baada ya chakula... mtoto ameshapita, ameshaingia kona ya kwanza, fulana imemganda mgongoni na karatasi ya namba kumi na saba inaning'inia kwa pini moja, na yeye mama mtu, aliyehesabu vidonge miaka kumi na minne bila kumpa mgonjwa hata kimoja pungufu, amemwibia mwanawe raundi nzima mchana kweupe. Ilikuwa ya saba. Kadi inasema nane. Na kazi yenyewe haikuwa na ugumu wowote, mwalimu wa hesabu aliwapanga wazazi waliojitolea kwenye benchi hili la mstari wa mwisho akawaeleza kama watoto wa darasa la kwanza, uwanja wetu mdogo, mita mia tatu tu, kwa hiyo mita elfu tatu ni raundi kumi, kila mzazi na mkimbiaji aliyepangiwa, akipita piga mstari, mwonyeshe kwa vidole zimebaki ngapi, ikibaki moja niambie nigonge kengele, na mzazi asihesabu wa kwake, hilo naomba sana... alilisikia hilo, alilisikia kwa masikio yake mawili, na mwalimu alipomjia na kadi akicheka, wewe dada wa dawa nakuaminia, kazi yako ni kuhesabu, yeye akaiona namba kumi na saba, akaipokea. Angesema. Neno lilikuwa moja tu, huyu ni wangu, mnibadilishie, lakini kulisema mbele ya benchi zima, pembeni ya yule baba dereva wa lori ambaye tangu asubuhi anaimba sifa za binti yake, na huku anajua, nani asiyejua, kwamba wa kwake atakuwa wa mwisho, ulimi ukagoma.

Na kweli amekuwa wa mwisho, tena wa mwisho wa peke yake, wenzake watano wameshamaliza, wamejimwagia maji, wamelala kwenye majani wakihema, binti wa dereva ameshavalishwa hata utepe, na uwanja mzima umebaki na mtoto mmoja anayezunguka, miguu inapiga chini pwa pwa kama mtu aliyevaa ndala za baba yake, mikono imeshikilia kifua, Taratibu, ndivyo wanavyomwita darasani, Taratibu, jina alilolileta mwenyewe nyumbani akicheka... mwalimu wa kipaza sauti, wala si mtu mbaya, anawaomba wazazi makofi kwa ajili ya namba kumi na saba ambaye bado yuko nasi, bado yuko nasi, kana kwamba anatangaza hali ya mgonjwa, na watu wanapiga makofi yale ya pole, yanayouma kuliko kuzomewa, na hapo ndipo dereva, kadi yake imeshakusanywa, hana la kufanya, akajinyoosha akasema hivi huyu ni wa nani jamani, hana wazazi wa kumwambia mwanangu inatosha? Na yeye akajibu. Hakuna aliyemlazimisha, angeweza kujifanya hajasikia, ila akajibu, tena haraka.

"Sijui," alisema.

Sijui! Tumbo lililombeba miezi tisa, mikono iliyomfunga ile pini asubuhi hii, sijui, na kabla neno halijakauka mtoto akapita mbele ya benchi, kalamu ikashuka mara moja, halafu ikashuka tena, tak, tak, kama inavyoshuka anapogawa vidonge viwili viwili, raundi iliyopita alimwonyesha vidole vinne, sawasawa kabisa, sita zimekwisha nne zimebaki, safari hii akamwonyesha viwili, na mtoto aliviangalia vile vidole, akakunja uso, midomo ikatikisika, akapita. Huruma, anajiambia, nimemhurumia, anaumia yule, ubavu unamchoma, mama gani atakaa atazame... huruma gani, mwanamke, sema kweli, ungekuwa na huruma ungesema ni wako. Ni aibu. Alitaka jambo hili liishe upesi, watu watawanyike, dereva akatafute lori lake, na ikigongwa kengele mara hii mtoto atamalizia raundi moja tu na nani atajua, waamuzi wengine wanapanga mikuki ya mchezo unaofuata, mwalimu anayo kengele mkononi na macho kwenye saa, tisa au kumi, kwa aliyeachwa nyuma kiasi kile kuna tofauti gani... lakini akilini kuna mguu unaomuuma. Mguu wa kulia. Hapana, haukuwahi kuuma, ndiyo shida yenyewe.

Swala, yeye mama mtu enzi zake za shule walimwita Swala, si Taratibu, na shule nzima ilikuwa imepanga mstari kwenye kamba siku ile ya fainali ya mita elfu moja na mia tano, jina lake limeandikwa kwa chaki ubaoni kana kwamba ameshashinda, na raundi ya tatu msichana wa shule jirani akampita, halafu mwingine, halafu wa tatu, mmoja mnene hivi ambaye yeye Swala alikuwa akimcheka wakati wa kujinyoosha, akampita huku anapumua kwa pua, na pale kwenye kona akili ikamnong'oneza, ukianguka sasa hakuna atakayejua, akashika paja, akapiga ukelele, akaanguka, tena alianguka vizuri, alichagua hata penye majani. Mwalimu wa michezo akambeba mgongoni. Wasichana wenzake wakalia. Mwalimu mkuu akasema kwenye kipaza sauti asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini huyu hakushindwa, huyu ameangushwa na msuli, na uwanja ukampigia makofi ambayo mshindi mwenyewe hakuyapata, na yeye mgongoni kwa mwalimu akajifunika uso, wakadhani analia kwa uchungu. Wiki nzima alichechemea. Mama yake alikuwa mfua nguo wa hospitali, anatoka kazini vidole vimejikunja kwa sabuni, na kabla hajakaa anachemsha maji, anatia chumvi, anaweka beseni chini ya kigoda, anamkanda, jikaze mwanangu, litapoa, kwa mikono ileile iliyokamua mashuka kutwa nzima... siku ya nne akajisahau, alitoka uani anachechemea mguu wa kushoto. Ulioumia ulikuwa wa kulia. Akakaa kwenye kigoda, na mama akamtazama mguu, akamtazama uso, akamtazama tena mguu, kisha akalishika beseni akalisogeza upande wa kushoto, akachovya kitambaa, akaendelea kukanda.

Akaendelea kukanda! Siri ya mtungi aijuaye kata, na mama aliijua na akainywa, hakumfokea, hakumsimanga siku hata moja, na miaka yote yeye ameliita lile pendo, mama gani angemsitiri mwanawe vile, na lilikuwa pendo kweli, nani atabisha, ila lile beseni liliukanda uongo mpaka ukapona, ukasimama, ukatembea, kwa sababu tangu siku ile akawa na mguu wa akiba. Chuo cha uuguzi, mtihani mmoja tu wa mifupa ulimkataa, wenzake walirudia wakapita, yeye akaumwa kichwa mwezi mzima, akarudi nyumbani, mama akampokea begi mlangoni, pole mwanangu. Kila penye kona alishika paja. Wala hakuwahi kusema, hata mama alipolala kitandani mwaka ule wa mwisho na yeye ndiye anayemhesabia vidonge kiganjani, usiku... hapana, ilikuwa asubuhi, dirisha wazi, mama ametulia, akaanza, Mama, ule mguu, na mama akamfumbulia macho akingoja, akingoja kabisa, naye akasema kunywa maji, Mama, dawa isikukwame.

Yuko ng'ambo sasa, kwenye mstari mrefu wa upande wa pili, anapita mbele ya matangi ya maji, hajasimama, hajatembea, jamani mbona hatembei, mtu yeyote angetembea pale ambapo hakuna anayemtazama... na mbio hizi hakulazimishwa, hakuna msichana darasani aliyezitaka elfu tatu, akainua mkono yeye, mtoto aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi tu, na miezi mitatu ameamka kabla ya jogoo wa jirani hajasafisha koo, anazunguka safu ya nyumba zao, na kizingitini anapanga kokoto kumi, kila akizunguka anainama anaokota moja anaitupa kwenye kopo, ting, ndiyo saa ya kuwaamshia watu siku hizi, ting. Siku moja yeye mama alifagia. Hakukusudia, au alikusudia, alikuwa amechelewa kazini na kokoto zinamkwaza, akazifagia zote hadi mfereji wa maji machafu, mtoto akatokea kwenye kona akakuta kizingiti kitupu, akasimama kidogo akihema, na mama mtu akamwambia si umeshafika sita au saba, ingia ukaoge. Mtoto akasema, bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia, "Sina hakika kama ni sita au saba, Mama." Akaenda akaokota kokoto nyingine kumi. Akaanza moja. Na yeye alimwona mpumbavu siku ile, wallahi alimwona mpumbavu, alisimama na ufagio mkononi akijiuliza huyu ametoa kwa nani ukaidi huu, kwa sababu kwake hakuutoa.

Kona ya mwisho. Anakuja. Uso umebadilika rangi, mdomo wazi, pini nayo imeachia na ile karatasi ameishika mkononi, hakuitupa, anakimbia nayo mkononi kama barua aliyotumwa, na watu wengine wameshaanza kukunja miavuli, na kengele itagongwa, atakimbia raundi ya tisa akidhani... hapana, hatadhani, huyu? anayeanza moja kwa ajili ya kokoto? Ataisikia kengele na atajua, na atamwangalia mama yake kwenye benchi, na atafanya nini mtoto wa watu, atamaliza mahali alipoambiwa amalize, atapigiwa makofi, ataandikwa amemaliza, na jioni atarudi nyumbani anachechemea mguu wa kushoto. Na yeye atamchemshia maji.

Mwalimu wa hesabu ameshasogea, kengele mkononi, anachungulia kadi, mistari minane, huyu akipita hapa si tisa hiyo, anauliza kwa adabu, ana haraka ya mikuki lakini ana adabu.

"Dada wa dawa, nimgongee?"

Na dereva anasikiliza kwa kukosa kazi, na kusema ni kuvuliwa nguo hapahapa kwenye benchi, muuza dawa asiyejua kuhesabu, dereva atalitangaza hilo kila mtaa, kesho wateja watahesabu vidonge mara mbili mbele yake, na watakuwa na haki... angeweza kukohoa, angeweza kushika kichwa, jua kali, watu wangempisha, hata sasa, hata sasa hivi mkono unataka kwenda kwenye paja.

"Usigonge," anasema. "Nimekosea mimi. Nilimpigia mistari miwili. Hii ni ya nane."

Mwalimu anamtazama, anaitazama kadi, anashusha kengele, na dereva anasema lo, raundi mbili tena, mnataka kumuua mtoto wa watu, na yeye ameshasimama, hata hakumbuki kusimama, kwa sababu mtoto yuko hapa, hatua kumi, hatua tano, unasikika ule mluzi wa kifua chake, na mkono wa mama umekwenda juu, vidole viwili, vilevile viwili vya raundi iliyopita.

"Mbili!" anaita, na sauti inakatika katikati.

Mtoto hakuinua hata kichwa.

"Najua, Mama," alisema, akapita.

Dereva akageuka, akamtazama taratibu kutoka kwenye viatu hadi usoni, mwalimu naye, na mama mmoja aliyeketi mwishoni mwa benchi, na yeye akasikia damu yote ikimpanda masikioni, na ng'ambo ya kona ya kwanza miguu bado inapiga chini, pwa, pwa, na kipaza sauti bado kinasema yuko nasi, na hakukaa, na vidole vyake viwili bado viko juu.