Ngumi Kifuani mwa Mshonaji

Mshonaji alikuwa anakaza kifungo cha mwisho cha sare ya shule aliposikia ngumi ikijikunja kifuani mwake. Aliukata uzi kwanza, kisha akamwita binti yake wa pekee.

Miezi mitano kabla, madaktari walichukua mshipa kwenye mkono wake wa kushoto, mkono uliozoea kuvuta kitambaa chini ya cherehani, wakaupandikiza moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Mpasuaji hakumficha kitu.

"Mshipa wa mkono hujikunja ovyo, mama. Kidonge hiki kinaulegeza. Vingine vya presha vitashusha presha tu."

Sasa dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limempa vingine, likisema vile vya mshipa vimekwisha.

Vifundo vinne vya vidole vilionekana wazi chini ya blauzi. Hospitalini muuguzi alivisogeza kidogo ili apime vizuri.

"Mia na ishirini kwa themanini," akasema. "Presha ya msichana hii!"

"Presha sawa," alisema binti. "Na mshipa?"

"Mshipa mashine hii haiuoni, dada."

Walipofika dirishani, ngumi iligonga ubao mara tatu. Mtoa dawa hakuinua macho.

"Taratibu, mama, nasikia."

"Si mimi, mwanangu. Ni mkono. Haujazoea kukaa bure."

Mtoa dawa aliwafungulia kabati. Rafu ya vile vidonge ilikuwa tupu, hata vumbi lilikuwa limeondoka. Kisha akawageuzia kompyuta: ilisema yapo maboksi arobaini.

"Ikisema vipo, siwezi kuagiza."

"Si ufute?" alisema binti.

"Wa kufuta ni mkuu wa stoo. Yuko semina."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikuwa ameiona rafu kwa macho yake mawili! Kuandika sifuri kunachukua muda gani?

Wiki mbili walipigwa danadana. Kila asubuhi ngumi ilijikunja zaidi, na mama akawa anapumzika kila ngazi ya tatu, kisha kila ngazi. Meneja wa hospitali alishuka mwenyewe, akaishika ile ngumi kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mkwe, akaiambia malalamiko yake yamepokelewa. Mchana huo likabandikwa tangazo: wenye vifua vinavyogonga wakae benchi la nyuma, wasisumbue wengine.

Kufikia Jumatatu benchi lilikuwa limejaa wagonjwa waliopandikizwa mshipa kama mama. Dereva wa lori alikuwa na ngumi kubwa iliyokwisha kumkatia vifungo viwili vya shati. Mwalimu mstaafu alijifunga shuka kifuani ili yake isikike kidogo, maana alikuwa mtu wa haya. Mama alimshonea dereva vifungo vyake akiwa amekaa hapohapo, polepole, akivuta pumzi kila mchomo.

"Mama, twende nyumbani," alisema binti.

"Nikienda nyumbani, nani atagonga?"

Alhamisi, saa nne kasoro, kifua cha mama kilinyamaza. Kichwa chake kililala begani kwa binti, kizito. Binti alikishika shavuni, akaita mama, mama, akalia kwa sauti, na benchi zima likagonga.

Mtoa dawa aliomba utulivu, akasoma jina la mama kwenye orodha, akapitisha chini ya kioo pakiti ya vidonge vilevile visivyofaa, vya mwezi mzima.