Kidole Gani Kinaanza

Kilichomchoma Mwanvita si kwamba mke mwenzake alijua kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Alimfundisha yeye mwenyewe, tena kwa moyo mweupe, mwezi ule ule Sihaba alipoletwa Kerege kutoka Mbweni na sanduku lake la bati. Kilichomchoma ni kwamba binti yule alisuka bila kutazama.

Aliketi barazani, miguu ameinyoosha, ukindu umelala pajani, vidole vinakwenda juu chini, juu chini, na macho yake yako uani kwa Muhidini. Naye Muhidini, mume wao, alikuwa akifua nazi kwenye kifuo, kazi ya mabega na kiuno aliyoifanya tangu hajaota ndevu, kwa hiyo naye hakuwa na haja ya kuziangalia nazi. Basi wakawa wanatazamana mchana kutwa. Huyu anasema neno, yule anacheka, na nazi zinavuliwa makumbi na ukili unarefuka, utadhani mikono ile ni ya vibarua tu na wenyewe wamekuja kupiga soga.

Zamu za usiku Muhidini aligawa sawasawa, na kitoweo, na kanga za Idi, hakuna wa kumsema. Macho ndiyo hayakuwa na zamu. Sasa mtu mzima na akili zake ataanzaje kwenda kwa kadhi kushtaki kwamba mume anamwangalia mwenzangu kuliko mimi? Si watamcheka mpaka mbavu ziwaume. Mwanvita akaendelea kusuka.

Yeye alifundwa na bibi yake, Mwanamkasi wa Dunda, mwanamke mkali lakini mjuzi. Bibi alisema kazi hazifanani. Kutwanga ni kazi ya mwili mzima, mwenye nguvu anaipata upesi. Kutupa wavu ni kubishana na bahari, leo iko hivi kesho iko vile, kila mara lazima uisome upya. Ukili ni kazi ya vidole, nao haukugeuki, upo pale pale unakungoja. Mwanzo unausuka kwa kichwa: unahesabu, unakosea, unafumua. Kisha unausuka kwa macho. Mwisho mkono unaichukua kazi yake, na hapo kichwa kikae kando kisiingilie, maana kikiingilia kitaharibu. Haya yote bibi aliyasema huku akimzaba mjukuu wake kofi la kisogo kila alipoinua uso. Mwanvita akakua shingo imeinama. Miaka yote ya ndoa, mume akimtafuta uso alikuta utosi.

Na Sihaba hakupigwa kofi na mtu. Alifundishwa taratibu, kwa maneno matamu, na mwenye maneno matamu alikuwa Mwanvita. Kila akikumbuka hilo alitamani kujizaba mwenyewe.

Hayo angeyameza. Lakini siku moja akaja Mwaija, dada yake Muhidini, kutoka Bagamoyo, kutaka mkeka wa harusi ya bintiye. Mikeka ya harusi ya ukoo ule, tangu Mwanvita aolewe, ilikuwa yake. Mwaija akasimama uani, akamtazama Sihaba anavyosuka na kucheka, akasema, "Wifi, safari hii mpe mdogo wako. Wewe pumzika sasa."

Apumzike! Kwani alisema amechoka? Mwanvita akajibu, "Inshallah, wifi," akaingia jikoni akatwanga pilipili ambazo hazikutakiwa na mtu.

Asubuhi yake akaenda kuketi karibu na mwenzake.

"Shikamoo, dada," akasema Sihaba.

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu nikuulize. Mkono wako umekuwa mwepesi kuliko wangu. Unapolikunja jani pale ukingoni, kidole gani kinaanza? Gumba, au cha shahada?"

Sihaba akacheka. "Sijui, dada. Vinakwenda tu."

"Mkeka wa harusi hausukwi na asiyejua. Watu wataukagua ule. Jiangalie vizuri, kisha uniambie."

Alijua anachokifanya, tusimsingizie ujinga. Alikuwa anakirudisha kichwa mahali bibi alipokikataza.

Sihaba akainamisha macho. Vidole vikasimama. Akajaribu gumba, jani likalegea. Akajaribu cha shahada, ukingo ukavimba. Akafumua. Adhuhuri ilipofika ukili umepinda, na binti anahesabu chini kwa chini kama siku ya kwanza. Muhidini akarusha neno lake la mzaha toka kwenye kifuo, lisipate wa kulicheka. Mwanvita akasikia raha mpaka kwenye nyayo, na usiku ule alilala fofofo.

Kila asubuhi akawa anauliza, kwa upole kabisa, "Haya, umekijua?" Na kila asubuhi Sihaba anaharibu zaidi ya jana. Ua ukawa kimya. Muhidini akifua nazi macho yanatangatanga, hata upande wa Mwanvita yalifika, lakini Mwanvita, kwa mazoea yake, alikuwa ameinamia ukili.

Ijumaa moja Sihaba akautupa ukili, akalia. "Mikono yangu imekufa," akasema. "Harusi ya watu nitaitia aibu."

Muhidini akaziacha nazi. Akajifuta mikono kwenye shuka, akaja akaketi chini barazani, yeye ambaye toka aoe hajagusa ukindu, akisema hiyo ni kazi ya wanawake. "Nionyeshe," akasema.

"Shika hapa. Usiachie."

Akashika. Sihaba akavichukua vidole vyake vile vinene, kimoja kimoja, akaviweka juu ya jani. "Kinaanza hiki. Hapana. Labda hiki."

"Polepole," Muhidini akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Vichwa viwili vikainamia ukili mmoja, paji la uso kwa paji la uso. Hawakucheka tena, na Mwanvita akaona heri kile kicheko.

"Dada, Mungu akulipe," Sihaba akasema, machozi yangali mashavuni. "Usingeniuliza, nisingejua kwamba sijui."

"Mwanvita, sogea na wewe utuelekeze," Muhidini akasema, bila kuinua uso.

"Nasuka," akajibu Mwanvita.

Na kweli alikuwa anasuka. Shingo ameinyanyua, vidole vinakwenda vyenyewe, ukili unatoka umenyooka, hauna kosa hata moja. Macho yake hayakuwa na kazi yoyote ya kufanya. Yakabaki kwa wale wawili mpaka alasiri ikaadhiniwa, na hakuna kati yao aliyemtazama.