Gari Lililolia Mteremkoni

Jumatano asubuhi Mzee Shaibu alileta gari gereji kwetu Nachingwea, akazima injini, kisha akabaki ameshika usukani kama mtu anayemuaga mgonjwa wodini. Lilikuwa Landikruza la zamani, lenye mabenchi nyuma, ambalo alikuwa akiliendesha kwa miaka ishirini na mbili. Mimi nililifahamu mpaka harufu yake. Kabla sijaanza darasa la jioni la ufundi nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilikuwa utingo wake.

"Rahimu, transfa inalia," aliniambia.

Transfa ni lile boksi dogo nyuma ya gia boksi, linalopeleka nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja ukivuta ile fimbo ndogo ya gia ya nguvu. Likifa, gari kama lile halifai tena kwa matope ya Malolo wala Mbwemkuru.

"Inalia wakati gani?"

"Nikiweka gia ya nguvu. Inanguruma, halafu inapiga ta! ta! mpaka abiria wanataja majina ya mama zao. Nikiitoa, kimya. Mafundi wawili kule Ruangwa wamesema imekwisha."

"Na Bi Raudha anasemaje?"

Bi Raudha ndiye mwenye gari. Mzee Shaibu alishuka polepole. "Kasema Ijumaa baada ya swala anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Likiwa bado linalia, linaondoka naye. Sasa mimi na miaka sitini na nne, nani atanipa gari lingine? Nitauza karanga stendi."

"Karanga zenyewe hujui kukaanga."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mdogo wangu."

Nilisema Bismillahi nikaingia chini ya gari. Nilimwaga mafuta ya transfa kwenye beseni jeupe, nikayachunguza kwa tochi. Yalikuwa safi, hayana hata chembe ya chuma kilichosagika. Nikaweka mengine. Nikapandisha gari juu ya magogo, magurudumu yote manne hewani, nikamwomba Mzee Shaibu aliwashe na kuweka gia ya nguvu. Mimi nikaegemeza bisibisi ndefu kwenye boksi, mpini sikioni. Nilisikia mlio mwembamba tu wa meno ya gia, ule wa siku zote.

"Ongeza moto!"

Akaongeza. Hakukuwa na mngurumo wala ta! ta!

"Kelele gani hii inayoona haya mbele ya wageni?" akauliza, kichwa kimetoka dirishani.

Nilikwenda kuswali adhuhuri. Nilipomaliza nilibaki kwenye mkeka, nikamwomba Mungu anionyeshe nisichokiona. Kilichonijia ni sauti ya Mwalimu Valentina wa darasa la jioni, ambaye angeweza kuwa binti yangu. Yeye hutukataza kushika spana kabla ya kumuuliza dereva maswali mpaka achoke. Na mimi nilikuwa nimeuliza mawili tu.

"Ilianza lini?" nilimuuliza Mzee Shaibu niliporudi.

"Msimu huu wa ufuta."

"Inalia wapi?"

"Kwenye ule mteremko wa kona wa njia ya Mbekenyera, nikiwa na mzigo."

"Na ukiwa Malolo?"

"Malolo hailii. Inaheshimu mashamba."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nautazama ule mteremko kichwani. Zamani ulikuwa changarawe tupu. Mwaka huu una lami nyeusi inayong'aa.

Nilimwambia apande. Tukazunguka uwanja wa gereji ambao ni mchanga, gia ya nguvu ikiwa ndani. Kimya. Tukatoka kwenye lami, nikamwomba akate kona kali. Gari likanguruma, likajikaza, likapiga ta! Mzee Shaibu akafumba macho.

"Simama hapo," nikasema. Nilishuka, nikazifungua hab za magurudumu ya mbele, zile swichi za katikati ya gurudumu. Alikuwa amezifunga tangu mvua za mwaka juzi ili asihangaike kushuka kwenye matope. Ukizifungua, magurudumu ya mbele hayavutwi tena na transfa.

"Kata kona tena. Gia ileile."

Akakata. Kimya. Akakata upande wa pili. Kimya. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, na mama mmoja wa maandazi kando ya barabara akaitikia ingawa hakujua tunashukuru nini.

"Umelitengeneza!" Mzee Shaibu alinikumbatia.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Nilimwomba Mungu anipe ulimi usioumiza.

"Mzee, halikuwa limeharibika. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Lami imeshika tairi, hakuna wa kumpisha mwenzake. Nguvu inabanwa humo ndani mpaka ichomoke kwa kishindo. Gia ile si ya kwenye lami."

Akaweka mkono kwenye boneti. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila mteremko wenye mzigo ni gia ya nguvu. Wengi wa madereva wa stendi ya Ruangwa walifundishwa naye hivyohivyo.

"Kwa hiyo gonjwa ni mimi," akasema.

"Gonjwa ni lami, mzee. Ilikuja bila kupiga hodi."

Hakucheka. Baadaye akanivuta pembeni. "Sikiliza. Tumwambie Bi Raudha umebadilisha beringi. Basi. Gari linabaki, na mimi nabaki na heshima yangu."

"Atataka kuishika ya zamani."

Hilo alilijua. Bi Raudha hapokei gari bila kukabidhiwa spea iliyotolewa. Ana ndoo nzima ya vyuma chumbani.

"Basi okota yoyote hapo."

"Mzee Shaibu, nimetoka kuswali sasa hivi."

Akafungua mlango wa gari. "Huna maana," akasema, lakini alisema kwa upole.

Ijumaa nilikwenda naye Ruangwa. Bi Raudha alikuwa amekaa barazani, kanga begani, na mnunuzi wa vyuma ameshafika na anakunywa chai.

"Haya, kaka Shaibu. Spea iko wapi?"

Mzee Shaibu alivua kofia. Akaikunja mkononi. "Hakuna spea, Bi Raudha. Gari ni zima. Mimi ndiye niliyekuwa naliumiza. Naweka gia ya mchangani kwenye lami. Sikujua."

Mnunuzi akashusha kikombe. Bi Raudha alimtazama dereva wake, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ulimwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Akakubali? Huyu Shaibu?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikaanguka. "Miaka ishirini na mbili namsubiri huyu mtu akosee akiri! Kumbe lami ndiyo ingemweza!"

"Cheka polepole, wanasikia stendi," Mzee Shaibu akanung'unika.

"Wasikie. Nipisheni, nakaa mbele. Nataka huo mteremko niusikie kwa masikio yangu."

Tulipakia magunia sita ya ufuta ili jaribio liwe la haki. Kwenye kichwa cha mteremko mkono wa Mzee Shaibu ulikwenda wenyewe kwenye ile fimbo ndogo. Bi Raudha akaupiga kofi. Mzee akaurudisha, akaweka gia ya pili ya kawaida, tukashuka. Kona ya kwanza, ya pili, mpaka chini. Tulisikia upepo tu, na magunia yakijisugua.

Bi Raudha aliirudisha kanga begani. Alitoa simu, akampigia mnunuzi aliyebaki barazani.

"Wee bwana wa vyuma," akasema, "ukimaliza chai, vikombe viweke ndani. Sisi tunapitiliza Mbekenyera, kuna ufuta wa kuchukua."