Kuta Zisizofika Juu

Katika nyumba ile, ukipiga chafya chumba cha kwanza, mtu wa chumba cha mwisho anakuombea afya. Hapo sijatia chumvi. Ilikuwa nyumba ndefu, vyumba vimepangana mstari mmoja chini ya paa moja la bati, milango yote ikitazama uani. Kuta za kutenganisha vyumba ziliishia kwenye lenta, ule mshipi wa zege unaopita juu ya milango, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Mwenye nyumba alipokuwa anajenga alisema hilo ni pengo la kupitisha hewa. Kweli likapitisha hewa, na umbea, na mikoromo, na ugomvi wa mke na mume ambao kukicha wapangaji wote walikuwa wameshautolea hukumu.

Baadaye watu walipolalamikia joto na kutu ya bati inayowadondokea kwenye sahani, mwenye nyumba akapigilia dari ya mbao nyepesi, nyeupe, ya kupendeza, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Pengo halikuzibwa. Lilifunikwa tu. Mgeni akiingia na kutazama juu, anaona ukuta umekutana na dari, hana swali. Ila sauti ziliendelea kupita huko juu kama kawaida, zimepungua makali kidogo.

Chumba cha kwanza alikaa fundi wa nguo aliyeitwa Cherehani, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Cha mwisho alikaa msusi na baba yake, ambaye kiharusi kilimchukua upande mzima wa mwili, kikamwachia ulimi. Na ulimi huo mzee hakuulaza. Alikuwa analala chali akiitazama dari, anamtania Cherehani kwa kuruka vyumba vyote vya katikati.

"Mchumba, suruali yangu umeshaimaliza, au umemvisha bwana mwingine?"

Cherehani anamjibu kutoka kule kwamba suruali iko tayari, aje aichukue kwa miguu yake mwenyewe, ndipo atajua kama ni mchumba kweli. Vyumba vya katikati vinavunjika mbavu. Mzee anashinda na jibu lile mdomoni, analitafuna.

Mwenye nyumba alikuwa mjomba wa msusi, ndugu wa toka nitoke wa marehemu mama yake. Mzee alipoanguka, ndugu zake wa damu walikuja, wakaona kazi yenyewe ni ya kuinua na kugeuza, wakaanza kutopokea simu. Mjomba ndiye aliyesema mleteni shemeji yangu hapa. Msusi hakulisahau hilo, na mkaza mjomba hakumpa nafasi ya kulisahau.

Moto ulianzia kwa Cherehani, mchana, kwenye pasi. Alitoka mlangoni kumpokea mteja, wakanogewa na habari za mwanamke mmoja wa mtaa wa pili aliyerudi kwao na kitanda chake. Aliporudi ndani, meza inawaka, pazia limeshika, na miali inailamba dari.

Watu wakatoka mbio na watoto na magodoro. Wanaume wakamtoa mzee na kiti chake, wakamweka kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Gari la zimamoto likafika upesi kuliko ilivyozoeleka, maji yakapigwa, moto ukazimika, uani wakapiga makofi. Cherehani aliketi juu ya ndoo akililia nguo za watu.

Mkuu wa kikosi hakupiga makofi. Alisimama ndani ya chumba cha Cherehani, akainua tochi kwenye tundu lililoungua darini, akaona moshi na giza. Akatoka, akamwendea mwenye nyumba.

"Mzee, hizi kuta za vyumba zinafika kwenye bati?"

Akaeleza kwa nini anauliza. Kama zinafika, moto umeishia chumba hiki. Kama hazifiki, basi huko juu ya dari ni njia moja tupu kuanzia hapa hadi mwisho, moto unatambaa humo na aliye chini hauoni, na yeye itabidi abomoe dari ya kila chumba sasa hivi, maji yakiwa bado yamebaki kwenye gari.

Mjomba aliitazama nyumba yake. Aliiona ile dari nyeupe inavyoshushwa kwa ndoano chumba baada ya chumba, na wapangaji wamesimama wanatazama kilichokuwa nyuma yake.

"Zinafika, mkuu. Kila chumba na ukuta wake mpaka juu."

Watu wale wale waliokuwa wanamwaga mchele bila hata kuulizwa, kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini. Mambo ya uani yalizunguka uani. Mbele ya mtu mwenye sare nyumba ilikuwa na mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulikuwa wa mwenye nyumba. Ndivyo walivyomwondoa kila mgeni aliyewahi kuja na maswali, na siku zote ilikuwa imewasaidia.

Mkuu akawageukia. "Kuna anayejua vingine?"

Msusi alikuwa karibu naye, angeweza kumgusa. Akafungua mdomo aseme. Kisha akaona jasho kwenye paji la mjomba wake, na mkaza mjomba akamshika kiganja, taratibu, kama anayempa mtu pole. Msusi akamtazama baba yake. Mzee naye alikuwa anamtazama yeye, na ulimi ule wote umetulia kinywani. Alikuwa anakaa kwa shemeji yake, anakula kwa shemeji yake.

"Haya," mkuu akasema. Akawaagiza wapige simu wakiona moshi wowote, kisha gari likaenda kujaza maji.

Jua likahama, kivuli kikamkimbia mzee. "Nirudishe ndani, mama," akamwambia binti yake. "Mgongo unakufa." Wanaume wakambeba tena, wakilalamika kwamba kwa mtu asiyetembea anajua kula. Chumbani palinuka moshi, lakini siku ile hata maji ya kunywa yalinuka moshi.

Msusi akaenda kumsaidia Cherehani kuchambua zilizopona na zilizoungua. Wengine wakafuata, mtu akaleta chai, chumba kikajaa. Mara wakaanza kucheka, kwa sababu hofu ikitoka inatoka na kitu. Sauti ya mzee ikashuka kupitia tundu la darini, safi kuliko siku zote.

"Mchumba, ungesema tu kama suruali hukuishona. Ilikuwa na haja gani kuchoma nyumba?"

Cherehani akacheka huku anajifuta machozi. Mzee akasema tena, polepole. "Mama, mvua inanyesha huku. Naisikia darini."

Msusi akatazama mlangoni. Uani jua lilikuwa linawaka.

Akakimbia. Milango yote ile ya katikati aliipita kama haimalizi. Alipofungua wa mwisho, dari ilikuwa bado nyeupe, ila katikati doa la kahawia lilikuwa linatanuka, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Mzee alikuwa chini yake, analitazama.

"Usiingie," akasema.

Aliingia. Dari ikafunguka yote kwa mara moja, mbao na misumari na kila kilichokuwa kinaungua huko juu tangu wapige makofi. Mikono yake ilimfikia baba yake, hilo walilisema wote waliomwona, ndiyo maana mikono ile haikusuka tena. Majirani wakamvuta kwa nguo.

Waliobaki kwa Cherehani hawakuona kitu. Walisikia. Kila chumba kilisikia, kama kilivyosikia kila kitu siku zote, mpaka sauti ikakatika.

Zimamoto waliporudi, bati lilikuwa limejikunja na kuanguka. Kuta zikabaki uchi kwenye jua, zote zimeishia usawa mmoja, mtu mrefu angeweza kuchungulia. Mkuu alitembea kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, tochi mkononi, haina kazi. Msusi alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa vitambaa vilivyoloweshwa.

"Hazifiki," akamwambia.

"Naona," mkuu akasema, akaendelea kutembea.

Msiba ukawekwa nyumba ya jirani. Watu walijaa, walivyokuwa wanajaa mahali popote alipokuwa mzee. Mjomba akaja na mkewe, viatu mkononi, akainama mbele ya msusi.

"Pole, mwanangu."

Msusi akawatazama watu. Kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama kwenye mkeka.

"Nimeshapoa, mjomba," akasema. Watu wakasogea, wakampa nafasi akae.