Vidole Viwili Mbele ya Mwewe

Mwewe alishindwa kupanda kreni. Miaka kumi na tisa aliiparamia ile ngazi ya chuma kama anakwenda chooni kwake. Sasa akifika kipago cha nane anashuka. Sababu ilijulikana na kila mtu pale kwenye ujenzi. Mzigo wa nondo aliokuwa akiushusha ulimkalia fundi mwashi, na fundi akakatwa mguu. Aliyekuwa chini akitoa ishara ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kwenye ripoti shemeji alisema alipunga mkono wa kusimamisha, Mwewe hakuuona. Mwewe akakubali. Mtu aliyepewa jina kwa ajili ya macho, macho yenyewe yakimsaliti, atabishana na nani?

Kampuni ilimpa wiki sita: apone, au atafute kazi nyingine. Ikampeleka kwa daktari wa akili, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, mwenye ofisi ya viti viwili na boksi la tishu.

"Ikumbuke ile siku," daktari alisema, "huku ukifuata vidole vyangu kwa macho tu. Kichwa kisicheze. Kumbukumbu haifutiki, ila makali yake hupungua."

"Wanangu niliwapungia hivyo hivyo wanyamaze," alisema Mwewe. "Na hakuna aliyenilipa."

Vidole viwili vikaenda kushoto, vikarudi kulia. Mkono wa Mwewe ukaruka juu ya paja, ukavuta kitu kisichokuwepo, macho yakaganda. Wakaanza upya. Ukaruka tena. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Wiki ya tatu daktari akachoka.

"Mzee, huo mkono unafanya nini?"

"Unasimamisha mzigo. Kwetu sisi mkono ukipepea hivyo, maana yake simama. Mimi sifikirii. Ukipepea nimeshavuta breki."

"Hata ukiwa na mawazo mengine?"

"Mama watoto alifukuza nzi mezani, nikavuta sahani, mchuzi wote ukamwagikia mapajani."

Alicheka, kisha akautazama mkono wake. Mkono wa daktari, mtu asiyemjua, yeye kwenye kiti laini, mzigo haupo: amesimamisha kila mara, hajakosa hata moja. Halafu mkono wa shemeji, jua la saa nne asubuhi, eti hakuuona.

"Hakupunga," alisema.

Daktari alishusha vidole. "Mimi natibu, mzee. Sipelelezi."

"Basi umeshanitibu."

Alimkuta shemeji kivulini pale kwenye ujenzi, anakula.

"Shemeji, siku ile mkono wako ulikuwa wapi?"

"Hewani. Si ulisoma ripoti?"

"Ripoti ni maneno yako. Nakuuliza mkono."

Shemeji alitafuna muda mrefu kuliko tonge lilivyotaka. "Nilikuwa napokea simu. Kidogo tu. Nikaona wewe mkongwe hawatakufukuza, mimi ndio kwanza nina miezi mitatu."

"Ukanibebesha mguu wa mtu."

"Wewe si una mabega, shemeji." Hakutania. "Ukisema, dada utamwambia nini?"

Jumatatu Mwewe alimwambia msimamizi yote. Jumanne alipanda ngazi bila kuhesabu vipago. Daktari akaandika kwamba tiba imefaulu, ingawa vidole vyake havikuwahi kumaliza hata mzunguko mmoja. Fundi mwashi alipelekewa ukweli mpya nyumbani kwake; akauliza kama umekuja na mguu.

Usingizi wa Mwewe umerudi. Umemgharimu shemeji, aliyefukuzwa Jumatatu ile ile. Umemgharimu mama mkwe, aliyesema undugu ni kufaana, na tangu hapo hapokei simu yake. Umemgharimu mke, ambaye humpakulia chakula na kwenda kula jikoni. Bei yake, watu watatu.