Ufunguo Kiunoni

Idda alirudi kwao na meno yake mawili ameyafunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa ametembea kutoka Wanging'ombe mpaka Njombe, taya limeteguka, na mama yake Tabea alipoyaona yale meno alikaa chini palepale uani. Manase, mume wa Idda, hakumfuata mkewe. Alituma maneno tu kutoka kilabu cha pombe ya ulanzi: atammaliza kwa bunduki ya baba yake mwenyewe.

Vitisho vya mlevi, ungesema. Lakini bunduki ilikuwapo kweli. Hezekia, baba yake Idda, alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe mwitu shambani, lina kibali cha serikali, na lilining'inia kwenye boriti, kila mgeni akiliona. Karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikwisha kumwonya kwamba silaha ifungiwe sandukuni, la sivyo kibali kinafutwa. Sasa hakuhitaji kuonywa tena. Yeye na mkewe walipanda lori la mbao, wakaenda Makambako kwa fundi Marcelino.

Marcelino alikuwa na sanduku moja refu la mninga, limekazwa kwa mikanda ya chuma, na bei yake waliafikiana upesi. Ubishi ukaja kwenye kufuli.

"Hili la namba halina ufunguo wa kuibwa," fundi alisema. "Unazungusha vigurudumu hivi vitatu, na namba mnaijua nyinyi wawili basi. Hili la ufunguo ni nusu ya bei."

Tabea alilitaka la namba. Alilizungusha, likalia tiki, tiki, na roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu ayaone yale meno. "Baba Idda, tuuze kondoo mmoja," alisema.

"Kondoo wa nini? Ufunguo utauvaa wewe kiunoni, chini ya nguo. Nani ataufikia, Manase?" Hezekia akamgeukia fundi. "Kiuno cha mama mkwe ni mbali kuliko Ulaya."

Marcelino alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Tabea naye akacheka, na kicheko hicho hakujisamehe maisha yake yote. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Kwao, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Miaka mitatu tangu arusi Tabea hakuwahi kuuona uso wa Manase. Wakikutana njiani yeye alijifunika kanga, na Manase aliingia majanini mpaka mama apite. Kufuli gani lingeshinda heshima hiyo? Wakanunua la ufunguo. Rahisi ghali, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwapo dukani siku ile.

Wiki ya pili, asubuhi, Hezekia alikwenda barazani kwa jumbe kudai ndoa ivunjwe. Tabea alikuwa uani anatwanga mahindi, na Idda alikuwa jikoni, kwenye kibanda chenye mlango mmoja. Sauti ya salamu ikatoka nyuma ya Tabea, kwa adabu kabisa.

"Kamwene, mama."

Tabea aliijua sauti hiyo, na mwili wake ukafanya ulichozoea. Aliuachia mchi, akageuka, akajifunika kanga uso mzima. Mtu mzima mwenye akili zake, binti yake ameng'olewa meno, anamfunikia uso mwuaji. Ukilifikiria hilo damu inachemka.

Mkono ulimkamata kiunoni, maana mzaha wa dukani ulikuwa umefika mpaka kilabuni. Kisu kikapita kati ya kamba na nyama, kikakata vyote viwili. Alipojifunua, damu ilikuwa inamtiririka pajani na Manase amekwisha kuingia nyumbani na ufunguo.

"Idda, komea mlango," Tabea alisema. "Ni yeye."

Alilisikia kufuli likifunguka bila ubishi. Kisha akasikia baruti inamiminwa na ufito wa chuma unashindilia, polepole, bila haraka yoyote. Gobori lina hisani hiyo moja, kwamba humpa anayeuawa muda kidogo. Tabea aliuokota mchi, akasimama kando ya mlango wa nyumba.

Manase alitoka ametanguliza mtutu, anaelekea jikoni. Pigo la kwanza lilimvunja kiwiko. Tabea akaukamata mtutu kwa mkono wa kushoto ili auelekeze juu, gobori likalipuka, na moshi ulipopungua vidole vyake viwili havikuwapo. Hakusikia maumivu. Alimpiga mchi gotini, akamwangusha, akamkalia kifuani, na hapo ndipo alipomtazama.

Alitarajia mnyama. Aliona kijana tu, mwenye ndevu changa na kovu la ndui shavuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kijana huyo akakunja uso kwa aibu, akaugeuzia pembeni.

"Mama, unanigusa," alisema. "Mimi ni mkweo."

Aibu ile, aibu ya mtu aliyetoka kumkata kiuno, ndiyo iliyomtia Tabea wazimu. Akapiga. Mchi ule ulikuwa mzito, na hakuacha kupiga mpaka mikono yenyewe ilipokataa.

Idda alitoka jikoni, taya limefungwa kitambaa. Alimtazama mumewe, ambaye hakuwa na uso tena wa kutazamwa. Tabea alingoja binti yake alie, au ashukuru, au akimbie kuita watu. Idda alichuchumaa, akachana kanga, akaanza kuufunga mkono wa mama yake. Alisema polepole, maana kila neno lilimuuma.

"Tulikuja hapa kila Krismasi na kila Pasaka, mama. Nilikuja nimevimba uso. Wewe ulikuwa umejifunika."

Tabea alitaka kusema kwamba ndiyo mila, kwamba hata bibi yake alifanya hivyo. Badala yake akainua macho, akamtazama binti yake kwa karibu, mchana kweupe. Kulikuwa na alama moja kwenye nyusi, nyingine chini ya jicho, na ncha ya sikio moja haikuwapo. Sikio lilikuwa limepona zamani.